UZI: Wimbi linasafiri vipi, na kwa nini kupaza sauti hakuifikishi mapema?

Kisima (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kuna jibu moja la fizikia ambalo kila likiulizwa swali la sauti linarudi vilevile: "Sauti inakwenda kasi zaidi kwenye chuma kuliko hewani kwa sababu chuma ni kizito zaidi na chembe zake zimebanana." Limo kwenye madaftari ya wanafunzi wengi na linapewa alama. Nusu ya kwanza ni kweli. Sababu iliyotolewa si kweli, na anayeishika hiyo sababu atakwama kila akikutana na wimbi la aina nyingine. Naomba tulijenge jambo hili tangu msingi. Mwenye swali aulize, mwenye cha kuongeza aongeze.

Tuanze na wimbi lenyewe. Funga kamba ndefu upande mmoja, shika ncha ya pili, ikaze, kisha rusha mkono juu na kuushusha ghafla, mara moja tu. Nundu itatoka mkononi na kukimbia hadi kwenye fundo. Sasa paka rangi sehemu ndogo katikati ya kamba na urudie, ila safari hii macho yabaki kwenye rangi, yasiifuate nundu. Rangi itapanda, itashuka, itatulia palepale ilipokuwa. Haitasogea hata upana wa kidole kuelekea kwenye fundo. Kwa hiyo kamba haikwenda popote. Kilichokwenda ni hali ya kuinuka: kipande kimoja kimeinuka, kikamvuta jirani yake, jirani naye akamvuta wa mbele, na kila mmoja akarudi mahali pake. Ndani ya hali hiyo imebebwa nishati iliyotoka mkononi mwako. Fundo linatikisika kweli, na ni mkono wako ulioutikisa ule upande wa mbali bila kuugusa.

Ili hilo litokee panahitajika vitu viwili. Cha kwanza ni kitu kinachorudisha: kamba iliyokazwa inataka kunyooka. Ukiilegeza kabisa, kipande kikiinuka hakimhusu jirani, na wimbi hakuna. Naomba nikiite ukakamavu. Cha pili ni uzito: kipande cha kamba hakiinuki papo hapo kinapovutwa, kinachelewa kidogo kwa sababu kina uzito wake. Ukakamavu unaharakisha, uzito unachelewesha, na kasi ya wimbi ni matokeo ya mashindano ya hao wawili. Kwenye kamba hesabu yake iko wazi: kasi ni kipeuo cha pili cha mkazo ukigawanywa kwa uzito wa kila mita. Kaza mara nne, kasi inakuwa mara mbili. Chukua kamba yenye uzito mara nne kwa kila mita, kasi inashuka hadi nusu. Angalia vizuri kile ambacho hakimo kwenye hesabu hiyo: mkono wako. Urushe kwa nguvu au polepole, nundu itafika kwenye fundo kwa muda uleule.

Sasa turudi kwenye chuma. Hewa nayo ina ukakamavu; ziba mdomo wa bomba la sindano kwa kidole halafu sukuma, utaisikia inavyosukuma kurudi. Lakini ukakamavu wa chuma unauzidi ule wa hewa kwa zaidi ya mara milioni moja, wakati uzito wake kwa ujazo uleule unauzidi wa hewa kwa mara elfu sita na kitu tu. Ukakamavu unashinda kwa mbali. Ndiyo maana sauti inakwenda mita 343 kwa sekunde hewani kwenye nyuzi joto 20, na zaidi ya mita 5,000 kwa sekunde ndani ya chuma. Chuma kinapitisha sauti haraka licha ya uzito wake.

Anayesita atazame risasi, ile metali. Risasi ni nzito kuliko alumini zaidi ya mara nne. Kama uzito ndio ungekimbiza sauti, risasi ingeongoza. Kumbe sauti ndani ya risasi inakwenda kama mita 2,000 tu kwa sekunde, na ndani ya alumini zaidi ya mita 6,000, maana risasi ni laini. Upande wa gesi ushahidi ni safi zaidi. Haidrojeni ni nyepesi kuliko hewa kama mara 14, na kwenye mgandamizo uleule ukakamavu wake ni karibu sawa na wa hewa. Kilichobadilika ni uzito peke yake, na sauti ndani yake inafika kama mita 1,300 kwa sekunde.

---

nusu_mwezi

Mkuu nimekuelewa mpaka hapo, lakini kuna kitu kinanisumbua. Nikipiga ukelele mkubwa nazisukuma chembe za hewa kwa nguvu zaidi kuliko nikinong'ona. Kitu kikisukumwa kwa nguvu kinakwenda haraka. Kwa nini ukelele usifike kabla ya mnong'ono?

---

Kisima

Swali zuri sana, na ndilo lililonifanya niandike uzi huu.

Ni kweli chembe zinasukumwa kwa nguvu zaidi na zinakwenda haraka zaidi. Lakini pia zinakwenda mbali zaidi kabla ya kurudi. Ukisukuma mara mbili, mwendo wa chembe unakuwa mara mbili, umbali wa kwenda nao unakuwa mara mbili, na nguvu ya kuirudisha inakuwa mara mbili. Muda wa kwenda na kurudi unabaki uleule, na wimbi linategemea huo muda. Tenganisha kasi mbili ambazo watu wengi wanazichanganya: kasi ya chembe kutikisika, na kasi ya wimbi kupita.

Tofauti ya hizo mbili ni kubwa kiasi cha kushangaza. Mtu akiongea nawe kwa sauti ya kawaida mkiwa mmekaribiana, mgandamizo wa hewa sikioni mwako unabadilika kwa takriban sehemu moja ya milioni tano ya mgandamizo wa kawaida. Kwa sauti ya mitikisiko 1,000 kwa sekunde, hewa inasogea mbele na nyuma kwa kama sehemu moja ya laki moja ya milimita. Umbali huo hauonekani hata kwa darubini ya kawaida ya maabara. Sikio linaukamata, na wimbi wakati huohuo linapita kwa mita 343 kila sekunde.

Ushahidi unao kila unaposikiliza bendi kwa mbali. Ngoma inapigwa kwa nguvu, filimbi inapulizwa taratibu, na bado muziki unakufikia ukiwa mzima. Kama sauti kubwa ingekimbia kuliko ndogo, ngoma ingeanza kuingia kwenye mstari wa filimbi unaofuata, na kadiri unavyosogea mbali ndivyo wimbo ungevurugika.

Nguvu ya ziada ya ukelele inaingia kwenye nishati. Kimo cha wimbi kikiwa mara mbili, nishati inakuwa mara nne.

Kuna mpaka wa kanuni hii na lazima niuseme. Mlipuko mkubwa unaibana hewa kupita kiasi, ukakamavu wa hewa iliyobanwa na kupashwa moto namna hiyo unabadilika, na karibu na mlipuko wimbi linakwenda kasi kuliko sauti. Likisambaa linadhoofika na kurudi kwenye kasi ya kawaida. Volkano ya Krakatoa, Indonesia, ilipolipuka mwezi Agosti 1883, mshindo wake ulisikika kisiwani Rodrigues, katika Bahari ya Hindi, karibu kilomita 4,800 kutoka hapo, na vipimahewa vilirekodi wimbi la mgandamizo likiizunguka dunia zaidi ya mara moja. Safari yote hiyo ndefu lilikwenda kwa mwendo wa karibu na ule wa sauti ya kawaida.

---

mwalimu_wa_zamu

Naongezea palipo na makosa mengi ya mitihani. Kasi ya wimbi ni masafa kuzidisha urefu wa wimbi. Masafa ni idadi ya mitikisiko kwa sekunde, tunaipima kwa hezi; urefu wa wimbi ni umbali kutoka kilele hadi kilele kinachofuata. Mwanafunzi akiiona kanuni hiyo anasema, "Basi nikiongeza masafa, kasi itaongezeka." Hapana. Kasi imeshapangwa na kitu kinachopitiwa, kama mleta uzi alivyoeleza. Ukiongeza masafa, urefu wa wimbi ndio unaopungua.

Redio ya FM kwenye megahezi 100 ina mawimbi ya urefu wa mita 3. Ya kilohezi 1,000 ina mawimbi ya mita 300. Yote yanakwenda kwa kasi ya mwanga. Kwa upande wa sauti, sikio la binadamu kijana linaanza kama hezi 20, ambapo wimbi moja lina urefu wa mita 17, hadi hezi 20,000, ambapo urefu ni sentimita 1.7. Hapo ndipo utaona kwa nini mtu aliye nyuma ya kona unamsikia lakini humwoni. Wimbi linapinda kwenye kizuizi pale ambapo urefu wake unalingana na ukubwa wa kizuizi au nafasi. Sauti ina urefu wa kufanana na milango. Urefu wa mwanga unaoonekana haufiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita.

Ombi: mleta uzi atueleze kwa nini wimbi likitoka hewani kuingia majini masafa hayabadiliki. Wanafunzi wangu wanakariri tu.

---

Kisima

Ahsante mwalimu. Lisogeze jicho hadi pale pale kwenye mpaka, uso wa maji. Huo uso ni mmoja, si wawili. Hewa ikiusukuma mara 500 kwa sekunde, maji yaliyo chini yake yanasukumwa mara 500 kwa sekunde, kwa sababu ni uso uleule unaotikisika. Ingekuwa masafa yanabadilika, ingebidi hewa na maji viachane pale mpakani au viingiliane. Masafa yanabaki, kasi inabadilika, kwa hiyo urefu wa wimbi unabadilika: majini unakuwa zaidi ya mara nne ya ule wa hewani.

Kasi yenyewe ya majini ilipimwa vizuri mwaka 1826 katika Ziwa Geneva na Jean-Daniel Colladon akishirikiana na Charles Sturm. Kengele ilipigwa chini ya maji na baruti ikawashwa papo hapo, halafu Colladon akiwa mashuani upande wa pili wa ziwa, zaidi ya kilomita 13 kutoka hapo, akapima muda kati ya kuona mwako na kusikia kengele kupitia bomba lililozamishwa. Ilichukua sekunde 9.4 hivi, yaani mita 1,435 kwa sekunde katika maji ya baridi. Walipatia kabisa.

Na mpaka haupitishi kila kitu. Hewa ni laini na nyepesi mno ukilinganisha na maji, kwa hiyo sauti ikitoka hewani kugonga maji, takriban asilimia 99.9 ya nishati yake inarudishwa. Ndiyo sababu mhudumu wa kipimo cha ultrasaundi anapaka jeli kwanza. Utando mwembamba wa hewa kati ya kifaa na ngozi ungetosha kuyarudisha mawimbi karibu yote kabla hayajaingia mwilini.

---

hewa_nyepesi

Kwa hiyo joto? Nimesoma kuwa kwenye joto sauti inakwenda haraka. Na huko juu milimani ambako mgandamizo wa hewa ni mdogo?

---

Kisima

Hewa ikipashwa joto bila kufungiwa, inatanuka na kuwa nyepesi, huku mgandamizo wake ukibaki uleule. Ukakamavu uleule, uzito mdogo, kasi inapanda: kutoka mita 331 kwa sekunde kwenye nyuzi 0 hadi 343 kwenye nyuzi 20. Mlimani mgandamizo unashuka lakini uzito wa hewa nao unashuka kwa uwiano uleule, kwa hiyo vinafutana. Sauti inakwenda polepole kule juu kwa sababu ya baridi tu.

Isaac Newton alikuwa wa kwanza kuikokotoa kasi ya sauti kwa njia hii, katika kitabu chake cha 1687, na jibu lake lilikuwa pungufu kwa kama asilimia 15. Alichukulia kwamba hewa inayobanwa na wimbi inabaki na joto lilelile. Pierre-Simon Laplace akaonyesha mwaka 1816 kwamba mbano ni wa haraka mno, joto halipati nafasi ya kutoroka, hewa inapata moto kidogo pale inapobanwa na hivyo inakuwa kakamavu zaidi. Ukiingiza hilo, hesabu inakaa sawasawa na kipimo. Mimi sijui uthibitisho mwingine ulio mzuri kama huu wa kwamba ukakamavu na uzito ndivyo vinavyotawala.

---

mtu_wa_pwani

Wadau, nawaheshimu lakini bahari inawapinga. Mleta uzi anasema kasi inapangwa na kitu kinachopitiwa, si na aina ya wimbi. Sisi tunaojua bahari tunajua dhoruba ikitokea mbali, kwanza yanakuja mawimbi marefu, yale ya taratibu na mapana. Mafupi yanafuata baadaye. Maji ni yaleyale. Mbona yanatofautiana mwendo?

---

Kisima

Mkuu, uko sahihi kabisa, na jibu lake lina utamu wake.

Kinachorudisha uso wa bahari si ukakamavu wa maji kubanwa. Ni mvutano wa dunia: maji yakiinuka yanavutwa chini. Halafu tazama yanavyosogea. Tia boya dogo na ulitazame kwa subira: kilele kikija linapanda na kusogea mbele, bonde likija linashuka na kurudi nyuma. Linachora duara. Maji yaliyo chini yake yanachora duara pia, dogo zaidi, na kadiri unavyoshuka duara linazidi kupungua mpaka, kwenye kina cha nusu ya urefu wa wimbi, karibu hakuna mwendo. Wimbi refu kwa hiyo linachota maji mpaka kina kirefu, fupi linagusa ya juu tu. Kila urefu wa wimbi unajichagulia kiasi chake cha maji ya kutikisa, na kasi inakuwa tofauti.

Kwenye kina kirefu hesabu ni nyepesi: zidisha muda kati ya kilele na kilele, kwa sekunde, kwa 1.56. Mawimbi yanayopishana kwa sekunde 5 yanakwenda mita 7.8 kwa sekunde. Ya sekunde 10 yanakwenda mita 15.6, na urefu wake ni mita 156. Mwaka 1963 Walter Munk na wenzake walipanga vituo kuvuka Pasifiki nzima hadi Alaska, wakayafuatilia mawimbi yaliyozaliwa na dhoruba za kusini, jirani na Antaktika, yakisafiri zaidi ya kilomita 10,000. Marefu yalitangulia, mafupi yakafuata siku za baadaye, na kutokana na pengo hilo wakaweza kukokotoa dhoruba ilikuwa umbali gani.

Kuna jambo la ziada ambalo mtu anaweza kuliona kwa macho. Tupa jiwe kubwa kwenye maji yaliyotulia, chagua kilele kimoja nyuma ya kundi la mawimbi na ukifuate. Kitapita katikati ya kundi, kitafika mbele, kisha kitafifia na kupotea, huku vingine vikizaliwa nyuma. Kundi linakwenda nusu ya kasi ya vilele vyake, na nishati inasafiri na kundi.

Maji yakiwa ya kina kifupi sana kuliko urefu wa wimbi, maduara yanagonga sakafu na kubanwa. Hapo kina ndicho kinachoamua kasi: kipeuo cha pili cha 9.8 kuzidisha kina kwa mita. Ndiyo sababu mawimbi yanayokuja kwa mshazari yanajigeuza na kuelekea ufuoni. Upande ulio kwenye kina kifupi unachelewa, ulio kwenye kina kirefu unaupita.

Tsunami nayo ni wimbi la kina kifupi, hata katikati ya bahari, kwa kuwa urefu wake unaweza kufika kilomita mia kadhaa. Kwenye kina cha mita 4,000 inakwenda kama kilomita 710 kwa saa. Ile ya tarehe 26 Desemba 2004 iliyoanzia karibu na Sumatra ilivuka Bahari ya Hindi na kuua watu hadi Somalia saa chache baadaye, na kwenye bahari kuu setilaiti ziliikuta ina kimo kisichofika mita moja. Ikifika kwenye kina cha mita 10 mwendo unashuka hadi kama kilomita 36 kwa saa. Sehemu ya mbele imepunguza mwendo, ya nyuma bado inakuja kwa kasi, nishati inabanana kwenye nafasi ndogo, na maji hayana pa kwenda ila juu.

---

nusu_mwezi

Na mwanga wa jua? Katikati hakuna kitu cha kutikisika.

---

Kisima

Sauti haiwezi. Robert Boyle alishaonyesha mwaka 1660, akanyonya hewa kwenye chombo cha kioo chenye saa ndani na mlio ukafifia. Mwanga ulipita vilevile. James Clerk Maxwell ndiye aliyeeleza mwaka 1865: uga wa umeme (yaani eneo ambamo nguvu ya umeme inafanya kazi) unaobadilika unazaa uga wa sumaku, wa sumaku unaobadilika unazaa wa umeme, na hivyo viwili vinasukumana mbele bila kuhitaji chembe yoyote. Wengi waliendelea kuamini kuna kitu kimejaa angani kinachoubeba. Albert Michelson na Edward Morley wakakitafuta mwaka 1887 kwa kifaa makini sana, wasikute dalili yake. Kwenye ombwe, yaani mahali pasipo na hewa wala kitu chochote, kasi ya mwanga ni mita 299,792,458 kwa sekunde. Ndani ya maji inashuka hadi robo tatu hivi ya hiyo.

---

mwalimu_wa_zamu

Kabla uzi haujalala, guseni matetemeko ya ardhi. Pale ukakamavu unaonekana kwa sura mbili.

---

Kisima

Kweli mwalimu, nilitaka kuyaacha na yasingestahili kuachwa.

Mwamba unapinga kubanwa, na unapinga pia kupindwa kando. Kila upinzani unazaa wimbi lake. La mbano linatikisa kufuata njia linayokwenda, kama sauti, kwa kama kilomita 6 kwa sekunde kwenye miamba ya juu. La kupinda linatikisa kukata njia, kama kamba yetu, kwa kama kilomita 3.5. La kwanza linafika mapema, la pili linafuata na mara nyingi ndilo linalotikisa zaidi. Kila sekunde moja ya pengo kati yao ni kilomita 8 hivi za umbali. Pengo la sekunde 10 maana yake tetemeko limetokea kama kilomita 80 kutoka ulipo. Kituo kimoja kinakupa umbali tu bila upande, hivyo vinahitajika vitatu ili kupata mahali penyewe.

Kimiminika hakipingi kupindwa, kwa hiyo wimbi la pili haliwezi kupita ndani yake. Upande wa pili wa dunia, mbali na tetemeko, mawimbi hayo hayafiki. Harold Jeffreys akatoa hoja mwaka 1926 kwamba kiini cha dunia ni cha kimiminika. Miaka kumi baadaye, mwaka 1936, Inge Lehmann aliona mawimbi hafifu ya mbano yakijitokeza mahali ambapo kiini cha kimiminika peke yake kisingeyaruhusu kufika, akahitimisha kwamba katikati kabisa kuna kiini kingine. Mpaka wake uko kwenye kina cha kama kilomita 5,150, na leo tunajua kwamba hicho cha ndani ni kigumu.